Kipimo Kwanza, Dawa Baadaye: Maneno kwa Wanafunzi wa Vyuo Kuhusu Antibiotiki

Yafuatayo ni mazungumzo ya Afisa wa Habari wa Kaunti na wanafunzi wa vyuo mjini Kilifi. Tunayachapisha kwa sababu yanawahusu pia wazazi, wauzaji wa dawa na kila mkazi wa kaunti.

 

Mimi si daktari. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu katika kaunti ni kuhakikisha mkazi anapata habari anayoweza kuitumia. Ya kitabibu nitakayoyataja leo yamekwisha kuthibitishwa na wenye taaluma yao. Langu ni kuyaleta kwa lugha tunayoelewana, na wahudumu wa afya waliopo hapa watanisaidia mtakapofika wakati wa maswali.

Tunazungumzia mazoea ya kununua na kumeza antibiotiki bila kupimwa wala kuandikiwa dawa. Mkisahau mengine yote, shikeni hili: dawa inayomezwa bila kipimo ni kamari, na mara nyingi anayelipa hasara ya kamari hiyo si yule aliyeicheza.

Dakika tano kwenye kaunta

Mnaijua safari yenyewe. Mtu ameamka na koo linalowasha, na saa nane ana CAT. Zahanati ina foleni. Anamuuliza jirani wa chumba cha pili, naye anatoa kapsuli 4 zilizobaki tangu muhula uliopita: “Meza hizi, mimi zilinisaidia.” Au anashuka hadi duka la dawa na kusema, “Nipe amoksilini ya shilingi 50.” Anafungiwa kapsuli chache, analipa kwa M-Pesa, anaondoka. Hakuna aliyemuuliza kama dawa hiyo imewahi kumdhuru, kama anatumia dawa nyingine, wala kama ana mimba.

Hali hii haiko Kilifi peke yake. Tafiti zilizofanywa vyuoni katika nchi nyingi zimekuta wanafunzi wakijitibu namna hii, wakiwemo hata wanaosomea udaktari na ufamasia. Sababu wanazozitoa hufanana: muda hautoshi, pesa hazitoshi, ugonjwa unaonekana mdogo, na dawa ile iliwahi kusaidia hapo awali. Hiyo sababu ya mwisho ndiyo ningependa tuitazame kwanza, maana ndiyo inayowashawishi watu wenye akili timamu.

Kwa nini huonekana kama imefanya kazi

Antibiotiki huua bakteria au huwazuia wasiongezeke. Haina la kufanya dhidi ya virusi. Mafua, homa ya flu, na sehemu kubwa ya maumivu ya koo husababishwa na virusi, na mwili huvishinda wenyewe. Mafua ya kawaida hupungua ndani ya siku 7 hadi 10, umemeza kitu au hukumeza.

Sasa hesabu. Mtu huugua Jumatatu. Jumatano, maradhi yakiwa kileleni, anameza kapsuli. Jumamosi yuko uwanjani anacheza mpira. Sifa zote zinakwenda kwa kapsuli, na wiki ijayo yeye ndiye daktari wa hosteli nzima. Jogoo huwika, kisha jua huchomoza, lakini hakuna anayedai kwamba jogoo ndiye aliyelivuta jua.

Wakati wa korona tuliliona hili kwa ukubwa wa dunia. Watu wengi walimeza azithromaisini wakiamini inatibu. Utafiti mkubwa uitwao RECOVERY, uliofanywa Uingereza, ulionyesha mwaka 2021 kwamba dawa hiyo haikuwasaidia wagonjwa wa korona waliolazwa hospitalini. Dawa nyingi sana zilikwisha kutumika bure kabla ya jibu hilo kupatikana.

Maradhi manne yanayojificha nyuma ya dawa ya kubahatisha

Koo la mafua ni kamari ndogo. Kuna hali 4 zinazowafikisha wanafunzi kwenye kaunta ambapo kamari ni kubwa zaidi.

Ya kwanza ni mkojo unaochoma. Hili huwapata zaidi wanawake. Huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo, na huenda ni ugonjwa wa zinaa. Dalili hufanana na tiba hutofautiana. Hata yakiwa ni ya njia ya mkojo, bakteria anayeyaleta mara nyingi, aitwaye E. coli, amezizoea sana amoksilini na Septrin katika eneo letu la Afrika Mashariki. Ukinunua hizo kwa mazoea, unaweza kumeza siku 5 huku maambukizi yakipanda kuelekea kwenye figo.

Ya pili ni usaha au majimaji yasiyo ya kawaida sehemu za siri. Zamani kisonono kilitibiwa kwa siprofloksasini. Leo dawa hiyo haitegemewi tena kwa ugonjwa huo, kwa kuwa vimelea wake wameishinda. Tena kisonono hupenda kuandamana na klamidia, na kwa wanawake wengi maradhi haya hukaa kimya bila dalili huku yakiharibu mirija ya uzazi. Wazee walisema mficha uchi hazai. Hapa methali hiyo haina fumbo lolote. Na hata ukipona, mwenzako asipotibiwa atakurudishia.

Wapo pia wanaomeza antibiotiki baada ya tendo, kama kinga. Watafiti waliwafuatilia wanawake wa miaka 18 hadi 30 mjini Kisumu, baadhi wakipewa doksisaiklini ya kutumia baada ya tendo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba maambukizi ya zinaa hayakupungua kwa kundi hilo, na vipimo vilionyesha kuwa wengi hawakuwa wakiimeza dawa kama walivyoelekezwa. Na jambo hili liandikeni: antibiotiki haizuii Virusi vya Ukimwi. Ukihofia kwamba umeambukizwa, ipo dawa ya dharura iitwayo PEP. Ni lazima uianze ndani ya saa 72, na unapoianza mapema zaidi ndivyo inavyofaa. Saa hizo zikipotea kwenye kaunta ya duka, hazirudi.

Ya tatu ni homa. Hapa Pwani mtu akihisi baridi na viungo vikauma, hujiambia ana “malaria na taifodi” na kununua dawa za yote mawili. Malaria haitibiwi kwa amoksilini, na kipimo chake cha haraka hutoa jibu kwa muda usiozidi nusu saa. Homa ya denge, ambayo imewahi kulipuka hapa Pwani, huletwa na virusi, hivyo antibiotiki haiigusi. Taifodi ni ya bakteria kweli, lakini kile kipimo cha Widal ambacho wengi wetu tumewahi kufanyiwa hukosea mara nyingi. Kipimo cha kutegemewa zaidi ni kuotesha damu maabara. Kwa hivyo hata ukiambiwa una taifodi, una haki ya kuuliza: imepimwa vipi?

Ya nne ni kikohozi kisichokwisha. Kenya imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Baadhi ya antibiotiki zinazouzwa kwa ajili ya kikohozi au mkojo, za jamii ya siprofloksasini, zinaweza kuwapunguza nguvu vimelea wa kifua kikuu bila kuwamaliza. Mgonjwa hupata nafuu kidogo, ugonjwa huchelewa kugunduliwa, na wanaolala naye chumba kimoja huendelea kuvuta hewa ileile. Kikohozi kikifika wiki 2, usinunue chupa nyingine. Nenda ukapimwe. Vipimo na tiba ya kifua kikuu katika vituo vya umma ni bure.

Madhara ya dawa zenyewe sitayachambua sana. Kuna watu ambao penisilini na jamaa zake huwavimbisha koo na kuwazuia kupumua. Dawa za jamii ya siprofloksasini zinaweza kuumiza kano za misuli, hata kuzikata. Nyingi huharisha. Mhudumu wa afya huuliza maswali mengi kabla ya kuandika dawa kwa sababu hizo.

Hasara humfikia asiyekuwemo

Sasa tuje kwa yule anayelipa.

Tumboni mwa kila mmoja wetu mna bakteria wasiohesabika, wengi wao wenye faida. Ukimeza antibiotiki, haimtafuti mkosaji mmoja, inawapiga wengi. Dhaifu hufa, wenye uwezo wa kuistahimili hubaki na kuzaana. Katika mazingira mazuri, bakteria kama E. coli huweza kujigawa kila baada ya dakika 20. Zaidi ya hapo, wanaweza kupeana siri ya ustahimilivu, hata wakiwa wa aina tofauti. Bakteria hao husafiri kwa mikono, kwa chakula, kwa maji, kwa vyoo tunavyotumia pamoja. Huu ndio usugu wa dawa. Kinachozoea dawa ni vimelea, na vimelea hawabaki kwa mwenye kumeza.

Onyo hili ni la zamani. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya kwamba huenda siku ikaja ambapo mtu yeyote ataweza kuinunua dukani, na kwamba mtu asiyejua huenda akaitumia kidogo kidogo na kuwafanya vimelea wawe sugu. Siku hiyo imekuja.

Mwaka 2022 jarida la The Lancet lilichapisha makadirio ya dunia nzima: mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kutokana na bakteria sugu, na eneo lililoumia zaidi kwa kiwango cha vifo lilikuwa Afrika Magharibi, kusini mwa Sahara. Katika mkoa wa Sindh nchini Pakistan, kuanzia mwaka 2016, ililipuka taifodi iliyoshinda makundi 5 ya antibiotiki. Ya kumeza iliyobaki kutegemewa ilikuwa azithromaisini, ileile ambayo watu hapa huimeza kwa ajili ya mafua.

Lakini sihitaji kuwapeleka hadi Pakistan. Watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust wako hapa Kilifi tangu mwaka 1989. Waliwafuatilia maelfu ya watoto waliolazwa katika hospitali yetu kati ya 1998 na 2002. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba zaidi ya robo ya vifo vya watoto hao vilitokana na bakteria walioingia kwenye damu. Tangu wakati huo chanjo zimepunguza baadhi ya maradhi hayo: ile ya Hib iliyoanza nchini mwaka 2001, na ile ya nyumokoko mwaka 2011. Hata hivyo, mtoto mchanga anapoingiwa na bakteria kwenye damu, hakuna chanjo ya kukimbilia usiku huo. Anachomwa ampisilini na jentamisini, na daktari anasubiri. Ampisilini ni ndugu wa karibu wa ile amoksilini ya shilingi 50. Bakteria wanaozishinda dawa hizi mbili, kama vile Klebsiella, wamekwisha kupatikana katika wodi za watoto wachanga barani Afrika. Zikishindwa, dawa zinazofuata ni ghali zaidi, na si kila hospitali inazo.

Mtoto huyo hakuwahi kwenda dukani. Huenda ni wa dada yako. Huenda ni wa mhadhiri wako, au wa mama anayekuuzia mahamri asubuhi.

Foleni, pesa na aibu

Singependa kusimama hapa kuwakemea kisha nikaondoka. Mtu mwenye akili akipita kando ya zahanati na kwenda dukani, ana sababu. Tuzitazame.

Kwanza ni foleni. Ni kweli ipo. Asubuhi ya Jumatatu huwa ndefu zaidi kuliko alasiri ya katikati ya wiki, kwa hivyo kwa jambo lisilo la dharura chagua wakati. Ukiwa na homa kali, ukishindwa kupumua vizuri, ukitapika kila unachokula, au shingo ikikakamaa, usipange foleni kimya kimya. Mwambie muuguzi wa mlangoni. Wagonjwa wa namna hiyo hutangulizwa.

Pili ni pesa. Najua fedha za HELB zinavyochelewa, na zinavyokwisha. Lakini piga hesabu yote: kapsuli za shilingi 50 zikishindwa, unanunua nyingine za 200, kisha unakwenda hospitali ukiwa umezidiwa. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF, na huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya umma vya ngazi ya 2 na ya 3 hulipiwa na Hazina ya Afya ya Msingi kwa aliyejisajili. Kama hujajisajili, bonyeza *147# kwenye simu yako leo kabla hujalala.

Tatu ni aibu, na pengine hii ndiyo nzito kuliko zote. Mtu anaogopa kukutana na jirani wa nyumbani kwenye benchi, au kuulizwa maswali ya siri kwa sauti kubwa. Mgonjwa ana haki ya faragha. Una haki ya kuzungumza na mhudumu mlango ukiwa umefungwa, na siri yako kubaki hapo. Usipopewa haki hiyo, lalamika kwa msimamizi wa kituo. Kadhalika ukifika kituo cha kaunti ukakosa dawa uliyoandikiwa, uliza kwa nini. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi serikali za kaunti vituo vya afya na famasia za kaunti. Kwa hivyo swali hilo ni letu kulijibu, na malalamiko yenu hutusaidia kujua pengo liko wapi.

Ninachowaomba

Nina maombi machache, na yote mnaweza kuyaanza usiku wa leo.

Kabla ya kumeza antibiotiki yoyote, jiulize: ni nani amenipima, na amekuta nini? Kama hakuna jibu, hujawa tayari kuimeza.

Ukiwa na mafua au koo la kawaida, pumzika, kunywa maji ya kutosha, sukutua kwa maji ya chumvi, na tumia parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Ikizidi siku chache au ikikuzidia, nenda kituoni.

Ukiandikiwa antibiotiki, uliza maswali matatu: hii ni ya nini, naimeza vipi na kwa siku ngapi, na nikiona madhara nifanye nini? Kisha itumie kama ulivyoelekezwa. Usiikate njiani kwa sababu umepata nafuu. Kama inakudhuru au una mashaka, rudi ukaulize.

Usimpe mwenzako dawa yako, na usipokee yake. Undugu wa hosteli ni mzuri katika unga, sukari na vocha ya simu. Katika antibiotiki, msindikize zahanati. Zilizobaki usizitupe chooni wala jalalani. Zipeleke kwa mfamasia uulize namna ya kuziharibu.

Wenye maduka ya dawa, nanyi nina neno nanyi. Antibiotiki ni dawa za kuandikiwa, na sheria ya famasia na sumu haikuacha shaka hapo. Najua mteja akikataliwa hapa ataelekea duka la pili. Lakini mfamasia anayesema “hii huihitaji, nenda ukapimwe” hupoteza shilingi 50 na kupata mteja wa kudumu. Nanyi wateja, tazameni ukutani kama leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu imebandikwa. Isipokuwepo, ondokeni.

Wazazi mtakaoyasoma haya nyumbani, mtoto akipiga simu kutoka chuoni kusema anaumwa, msimtumie pesa ya dawa peke yake. Mwulizeni amepimwa wapi.

Makomredi, miongoni mwenu wamo watakaokuwa walimu, wahandisi, wauguzi na wazazi. Antibiotiki zinazofanya kazi leo tumezikuta. Kila mara mmoja wenu akiacha kapsuli asiyoihitaji, anaiachia kazi yake kwa siku ambayo mtu ataihitaji kweli, na mtu huyo anaweza kuwa yeye mwenyewe.

Kipimo kwanza, dawa baadaye.  Sasa tupokee maswali.